Barafu Haitoki Mlangoni mwa Friji: Ifuate Njia Yake Hadi Ulipo Ubovu

Unasukuma wenzo kwa glasi, unasubiri, hakuna kinachodondoka. Wengi wakifika hapo huagiza mota mpya au kitengeneza barafu kizima. Subiri kwanza. Friji nyingi ninazoitiwa kwa ugonjwa huu hazina kipuri kilichokufa: barafu imeshikana ndani ya ndoo, au kuna kipande kimekwama mahali, na dawa yake ni maji ya uvuguvugu na uvumilivu. Na pale kipuri kinapokuwa kimekufa kweli, ukiifahamu njia ya barafu utakijua ni kipi kabla ya kushika bisibisi.

Njia yenyewe ni hii. Maji huingia kupitia valvu iliyo nyuma ya friji, hupita kwenye filta, kisha hujaza trei ya kitengeneza barafu ndani ya friza. Yakishaganda, vipande huangushwa kwenye ndoo. Ndani ya ndoo mna parafujo nene iliyolala, kama ile ya mashine ya kusagia nyama, na nyuma yake mna mota. Unaposukuma wenzo, swichi ndogo iliyojificha nyuma yake huiamsha mota. Parafujo huzunguka na kusukuma barafu mbele, kilango kidogo hufunguka, na barafu huteremka kwenye mfereji hadi kwenye glasi. Kwa hiyo kuna kazi mbili, ya kutengeneza barafu na ya kuitoa, na ubovu wa moja hautibiwi kwa kufungua nyingine.

Hatua ya 1: Tazama, kisha sikiliza

Fungua friza uangalie ndoo. Kama ni tupu, au ina vipande vichache vilivyosinyaa, mfumo wa kutoa hauna kesi. Nenda moja kwa moja hatua ya 7.

Kama barafu ipo, funga mlango, sogeza sikio karibu, usukume wenzo. Kimya kabisa maana yake umeme haufiki kwenye mota, au mota yenyewe imekufa. Mota ikinguruma lakini hakuna kinachosogea, barafu imeshikana au ndoo haijakaa sawasawa juu ya uma wa mota (kipande cha mbele ya mota kinachoizungusha parafujo). Ukisikia barafu ikigongana ndani na hakuna kinachotoka, tatizo liko kwenye kilango au mfereji. Rudia mara mbili au tatu mpaka uwe na uhakika wa ulichosikia, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinategemea jibu hili.

Hatua ya 2: Vitu visivyohitaji zana

Angalia kama kuna alama ya kufuli inayowaka kwenye paneli ya mlango. Watoto huibonyeza, na mtu anayefuta vumbi huibonyeza pia. Kwa friji nyingi, kushikilia kitufe hicho kwa sekunde 3 hivi huifungua.

Kisha swichi ya mlango. Friza ikiwa wazi, mfumo wa barafu hukatiwa umeme makusudi ili parafujo isizunguke mkono wa mtu ukiwa karibu. Swichi hiyo ikichoka, friji huamini mlango uko wazi wakati umefungwa. Fungua mlango, bonyeza swichi kwa kidole, utazame taa ya ndani. Isipozima, umempata mhusika. Kama maji ya kunywa yanatoka vizuri kwenye mlango huohuo, kufuli na swichi ya mlango huenda ni nzima. Zielekeze nguvu zako kwingine.

Hatua ya 3: Chomoa plagi

Kuanzia hapa mkono wako unaingia ndani, kwa hiyo chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe cha paneli hakutoshi. Vaa glavu nene pia: ndoo zinazotoa barafu iliyosagwa zina visu upande wa mbele, na vinakata kweli.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine yote: usichokoe barafu kwa kisu, bisibisi wala kitu chochote chenye ncha. Nyuma ya plastiki ya friza kuna mabomba membamba yenye gesi, na tundu dogo tu linaweza kuiua friji nzima. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, yaani isobuteni, ambayo inawaka moto. Kwa sababu hiyohiyo, moto wa aina yoyote usikaribie hapo.

Hatua ya 4: Ndoo, na sababu ya barafu kushikana

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoishia, kwa hiyo usipite haraka.

Itoe ndoo. Nyingine huinuliwa kidogo kisha huvutwa, nyingine zina kitufe cha kubana mbele. Mwaga barafu yote kwenye sinki, mimina maji ya uvuguvugu juu ya parafujo na visu mpaka vipande vyote viachie. Maji yanayochemka yanapasua plastiki, usiyatumie. Kisha kausha, na ukaushe kwelikweli: tone linalobaki kwenye mhimili wa parafujo litaganda usiku na kuifunga upya, nawe utadhani hujafanya kitu.

Ndoo ikiwa mkononi, zungusha parafujo kwa mkono. Inatakiwa izunguke bila kukwaruza. Angalia kiungio kilicho nyuma ya ndoo, pale inaposhikana na uma wa mota. Plastiki yake ikiwa imepasuka au meno yamelika, mota itazunguka peke yake na parafujo itabaki imetulia. Hicho ni kipuri cha kubadilisha. Ukirudisha ndoo ikagoma kuingia mpaka mwisho, usiisukume kwa nguvu. Geuza uma robo mzunguko kwa mkono, ujaribu tena.

Sasa jiulize kwa nini barafu ilishikana, maana usipolijibu swali hili utakuwa unamwaga ndoo kila mwezi. Sababu ya kawaida ni kutotumika. Vipande vikikaa wiki nyingi bila kusogezwa hugandana vyenyewe. Nyumba isiyotumia barafu sana ni bora izime kitengeneza barafu na kukiwasha inapohitaji.

Sababu ya pili ni joto linaloingia na kutoka. Barafu inayeyuka kidogo juu, inaganda tena, na vipande vinakuwa jiwe moja. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Pima kwa kipimajoto kilichowekwa katikati ya vyakula vilivyoganda, kwa sababu namba inayoonekana mlangoni mara nyingi ni ile uliyoiagiza, na joto halisi la ndani linaweza kuwa tofauti. Kagua na mpira wa mlango: bana karatasi kati ya mpira na fremu, funga, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila upinzani, hewa ya nje inaingia hapo. Jaribu pande zote nne. Mara nyingi mpira ni mzima na unahitaji kuoshwa tu kwa maji ya sabuni.

Sababu ya tatu ni maji kumwagikia ndani ya ndoo. Utaijua kwa kuona utando wa barafu chini ya ndoo, au vipande vilivyounganishwa kwa kipande chembamba kama ukurasa. Ama friji imeinama upande mmoja na trei inafurika, ama valvu ya maji haifungi sawasawa na inadondosha. Weka pimamaji juu ya kitengeneza barafu, rekebisha miguu ya friji, ujaze tena uone.

Hatua ya 5: Kilango na mfereji

Kilango hiki ni kidogo lakini kina kazi mbili: kufunguka barafu ipite, na kufunga ili unyevu usiingie friza. Kikibaki wazi hata milimita chache, hewa yenye unyevu hupanda kwenye mfereji, utando wa barafu hujijenga ukutani, na barafu ya ndoo huanza kushikana. Kwa hiyo ubovu wa hatua ya 4 mara nyingi mzizi wake uko hapa.

Weka kidole chini ya tundu la barafu. Ukihisi kijiubaridi kinachopuliza bila kukoma, au ukiona matone yakijikusanya kwenye paneli, kilango hakifungi. Mulika kwa tochi kutokea chini. Utakachokiona mara nyingi ni kipande cha barafu kilichokwama kwenye ukingo, au unga wa barafu iliyosagwa uliogandana. Yeyusha kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, futa mpira wa kilango, ukaushe. Mpira ukiwa umechanika au springi imechomoka, badilisha.

Usishtuke ukiachia wenzo na kilango kikachelewa sekunde kadhaa kabla ya kufunga kwa mlio mdogo. Kimeundwa hivyo ili vipande vya mwisho vipite. Na kama mnapenda barafu iliyosagwa, kila mkimaliza toeni vipande vizima viwili vitatu. Vitausukuma unga uliobaki kwenye mfereji.

Hatua ya 6: Kimya kinapobaki kimya

Ndoo ni safi, kufuli imefunguliwa, mlango ni mzima, na bado husikii kitu. Sasa tunahitaji multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme.

Plagi ikiwa imechomolewa, ondoa paneli ya mlango kwa kifaa bapa cha plastiki kuanzia ukingo wa chini. Kwa baadhi ya friji kuna skrubu zimefichwa chini ya kisahani cha matone. Piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa hata mmoja. Nyuma ya wenzo utaona swichi ndogo. Chomoa nyaya zake, weka multimita kwenye kipimo cha ohm, gusa pini mbili. Ukibonyeza, namba ishuke karibu na sifuri. Ukiachia, isionyeshe muunganiko wowote. Mlio wa swichi peke yake usikudanganye: inaweza kulia vizuri na ndani imeungua. Hii ni spea ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Swichi ikiwa nzima, nenda kwenye mota iliyo nyuma ya ndoo. Chomoa kiunganishi chake, pima pini za mota. Namba hutofautiana kwa aina ya mota, kwa hiyo ilinganishe na maelezo ya friji yako. Mota ambayo haionyeshi muunganiko kabisa, koili yake imekatika. Kabla ya kuinunua, nakili namba ya modeli kutoka kwenye kibandiko kilicho ukutani ndani ya friji. Jina la kampuni peke yake halitoshi.

Kuna ubovu mmoja ambao huwachosha mafundi. Nyaya za paneli hupita ndani ya bawaba ya mlango, na baada ya miaka ya kufungua na kufunga, waya mmoja hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana kwa nje. Dalili yake ni barafu kutoka leo, kesho kukataa, na kurudi baada ya mlango kufunguliwa na kufungwa. Gusa ncha mbili za waya kwa multimita huku mwenzako akiuchezesha mlango polepole. Namba ikirukaruka, umefika.

Hatua ya 7: Ndoo ni tupu

Anza na waya uliopinda pembeni ya kitengeneza barafu: ukiwa juu, kimezimwa, ukiwa chini, kinafanya kazi. Pakiti ya chakula huweza kuuinua bila wewe kujua. Kisha joto: mashine nyingi haziangushi barafu mpaka trei ifike karibu nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, hivyo friza yenye joto hutengeneza kidogo au haitengenezi kabisa.

Halafu maji. Toa maji ya kunywa mlangoni kwa sekunde 10. Yakipungua sana chini ya mililita 180, filta imeziba au msukumo wa maji ni mdogo. Filta hubadilishwa kila miezi 6, na kwa friji nyingi unaweza kuitoa kwa muda, ukaweka kizibo chake, ukapima tena. Maji yakirudi kasi, jibu unalo.

Maji yakiwa mazuri lakini trei ni kavu, tazama bombakijaza linaloingia juu ya trei. Likiwa limeganda, chomoa plagi kama ilivyo hatua ya 3, kisha lisukumie maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukiwa umeweka taulo chini. Likiganda tena baada ya siku chache, valvu inavuja matone madogo, na matone hayo ndiyo yanayoliziba. Funga koki ya maji, chomoa plagi, pima koili ya valvu: kwa valvu nyingi utapata kati ya ohm 200 na 500. Koili nzima haithibitishi kwamba valvu inafunga vizuri. Inayodondosha ibadilishe hata kama namba ni sawa.

Ukishapima yote haya na barafu bado haiji, kilichobaki ni bodi ya kielektroniki au mfumo wa gesi. Gesi mwachie fundi mwenye vifaa na ujuzi wa kazi hiyo.

Hatua ya 8: Rudisha na usubiri

Fungua koki polepole, kausha sakafu, chunguza maungio yote kwa karatasi kavu kabla ya kurudisha friji ukutani. Kama umebadilisha filta, acha maji yatiririke lita kadhaa kwanza. Barafu za mwanzo zimwage, zina hewa na mabaki ya kazi. Mpe kitengeneza barafu saa 24 kabla ya kutoa hukumu. Ikiisha siku nzima na trei haijapata maji, rudi kwenye valvu.