Ruhusa na ukaguzi wa umeme Zanzibar kwa anayejenga akiwa ng'ambo

Anayejenga Fuoni au Wete huku akiishi Leicester, Muscat au Copenhagen mara nyingi hutuma pesa za waya kuta zinaposimama tu, na habari ya ruhusa huiacha hadi siku ya kuomba mita. Mpango huo ugeuzeni. Mwenye leseni ya umeme apatikane kabla ya fundi kuchimba mfereji wa kwanza ukutani, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama mbele ya Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, na kuibeba kazi hiyo kwa sahihi yake. Anayelijali jina lake hawezi kuitilia sahihi kazi aliyoikuta imeshafunikwa na plasta. Hapo ama kuta zikatwe upya, ama atafutwe mtu wa kutia sahihi bila kuangalia. Hilo la pili likataeni kabisa. Nyumba huungua kwa njia hiyo.

Karatasi zikusanywe mapema: kitambulisho au pasipoti, hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, barua ya sheha, na mchoro wa waya unaoonyesha kila soketi, taa na breka (swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi). Kwa kuwa hupo, mpe ndugu anayesimamia hati ya uwakala iliyothibitishwa na mwanasheria huko uliko na kupitishwa ubalozini. Hati itaje waziwazi kuomba umeme, kulipia na kupokea mita. Maneno ya jumla kama "kuniangalizia nyumba" huzua ubishi kaunta. Mita iandikwe jina lako, si la shemeji. Nyumba ya urithi huhitaji ridhaa ya warithi wenzako kwa maandishi, na nyumba ya wakfu iko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mji Mkongwe, uliomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi: nenda huko kabla hujatoboa ukuta wa mawe na chokaa au kupitisha waya nje mbele ya nyumba.

Sasa vifaa. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na soketi ni za pini tatu bapa kama za Uingereza. Aliyeko Uingereza anaweza kuleta swichi na soketi zake. Aliyeko Marekani asilete, na aangalie sana rangi. Kwao waya mweusi ndio wenye moto. Katika rangi za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimo ndani ya nyumba zetu nyingi, mweusi ni nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, na mwekundu ndio moto. Rangi mpya ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani chenye mistari ya njano kwa ethi, yaani waya unaoshuka ardhini. Chagueni mfumo mmoja kwa nyumba nzima.

Taa zitumie waya wa 1.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba) na breka ya ampea 10, yaani 10A. Soketi ni 2.5 na breka ya 20A. Fundi akipenda kuzungusha soketi kwa duara na breka ya 32A, ncha zote mbili lazima zirudi kwenye boksi la breka. Duara likikatika mahali bila mtu kujua, waya mmoja wa 2.5 hubeba mzigo wote na kupata moto huku breka imetulia. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5,500 huvuta karibu 24A, kwa hiyo ina njia yake pekee: waya wa 6, breka ya 32A.

Kwenye ethi ndiko tunakoomba msimamie kwa macho yote. Ardhi yetu kwingi ni jiwe la matumbawe. Fimbo ya ethi ya mita 1.2 ikigonga jiwe, fundi huikata kwa msumeno na kufunga kibano juu, na ukiangalia huoni kasoro. Ethi mbovu yenye ukinzani wa omu 50 hupitisha 4.6A tu waya wa moto unapogusa bodi ya chuma ya friji. Breka ya 20A haitakata, na bodi hubaki na umeme ukimsubiri mtoto. Kwa hiyo dai picha ya fimbo ikiwa bado nje pamoja na futi kamba, namba iliyosomwa na mashine ya kupimia ethi, na breka ya uvujaji ya 30mA, ile yenye kitufe cha T, inayokata hata umeme mdogo ukivuja. Jiwe likikataa, zipigwe fimbo mbili au zaidi sehemu laini, zikiachana angalau kwa urefu wa fimbo, ziunganishwe kwa waya wa shaba. Karibu na bahari, vibano viwe vya shaba. Chumvi hula chuma haraka.

Malipo ya fundi yagawe: sehemu baada ya mabomba ya waya kupigwa picha kuta zikiwa wazi, sehemu baada ya vipimo, na ya mwisho ukaguzi ukishapita na mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, imeshawaka.

Jenereta nayo iingie kwenye mchoro huohuo. Tangu Unguja ilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wengi wanayo, lakini baadhi huichomeka kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme huo hutoka nje hadi nguzoni na unaweza kumuua fundi wa shirika anayetengeneza laini. Wekeni swichi ya kubadilishia, inayokata laini ya shirika kabisa kabla jenereta haijaingia.