Kompyuta imewaka, kadi ya mtandao haionekani: tafuta kosa hatua kwa hatua kwenye Linux

Umewasha kompyuta, imefika mpaka kwenye skrini ya kuingia, ila mtandao hakuna. Waya umechomekwa, taa ya kadi inawaka, na jana kila kitu kilikuwa sawa. Hapo wengi hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Nakuomba usifanye hivyo. Kompyuta nyingi za namna hii zilizopita mikononi mwangu hazikuwa na kadi mbovu. Kadi ilikuwepo na ilikuwa nzima, lakini ilikuwa imebadilika jina, na mipangilio ilikuwa bado inaita jina la zamani.

Kwanza jua kinachotokea kompyuta inapowaka. Kerneli, yaani kiini cha Linux, hupekua njia za PCI (tundu na nyaya za ndani za ubao mama) na USB na kuorodhesha kila kifaa inachokikuta. Kisha hutafutwa draiva, yaani programu ya kukiendesha, kwa kila kifaa. Draiva ikishapakiwa, kadi ya waya hupewa jina la muda, yaani eth0, eth1 na kuendelea, kwa kufuata iliyotangulia kuwa tayari. Baada ya hapo udev, programu inayosimamia vifaa, huliondoa jina hilo na kuweka jingine. Mwisho kabisa huduma ya mtandao husoma mipangilio yake na kuomba anwani ya IP. Kosa lako limekaa mahali pamoja kwenye mnyororo huo, kwa hiyo usihariri faili lolote kabla hujajua ni wapi.

Hatua ya 1: Je, kifaa chenyewe kinaonekana?

```
lspci -nnk | grep -A3 -iE 'ethernet|network'
```

Kama kadi yako ni ya USB, tumia `lsusb`. Ukiuona mstari wa kadi, nenda hatua ya 2.

Usipouona, hakuna faili la Linux litakalokusaidia. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hivi ili chaji iliyobaki ndani iishe, kisha washa tena. Zipo kadi zinazobaki usingizini baada ya kutumiwa na mfumo mwingine, hasa pale Windows inapokaa kwenye mashine hiyohiyo na imewekewa kuwaka kwa haraka (Fast Startup). Ikishindikana, ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama kabla Linux haijaanza) uangalie kama kadi ya kwenye ubao mama imezimwa. Kadi ya kuchomeka ihamishie tundu jingine.

Hatua ya 2: Je, imepata draiva?

Kwenye majibu ya amri ile tafuta mstari wa `Kernel driver in use`. Kadi za Intel za waya mara nyingi hutumia `e1000e`, `igb` au `igc`. Nyingi za Realtek hutumia `r8169`. Wi-Fi ya Intel hutumia `iwlwifi`. Kama mstari huo haupo, kadi imeonekana lakini hakuna draiva iliyoichukua. Uliza kerneli:

```
sudo dmesg | grep -iE 'firmware|r8169|e1000e|igc|iwlwifi'
```

Ukikuta malalamiko kwamba fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) imeshindwa kupakiwa, sakinisha pakiti yake. Kwenye Debian ni kama `firmware-realtek` au `firmware-iwlwifi`, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 pakiti hizo zinapatikana katika sehemu iitwayo `non-free-firmware`. Kama tatizo limeanza mara tu baada ya kusasisha kerneli, rudi kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mwanzo kabisa wa kuwaka, uwashe kerneli ya zamani. Mtandao ukirudi, umeshamjua mhusika. Kama draiva yako ilijengwa kwa DKMS (chombo cha kujenga draiva za nje kwa kila kerneli), angalia `dkms status`: pengine haikujengwa upya kwa ajili ya kerneli mpya kwa sababu vichwa vyake (pakiti ya headers) havikuwepo.

Pitia pia `grep -r blacklist /etc/modprobe.d/`. Moduli, yaani draiva inayopakiwa na kerneli, iliyopigwa marufuku miaka miwili iliyopita kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka inaweza kukupotezea siku nzima.

Hatua ya 3: Inaitwaje leo?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tulia.

```
ip -br link
sudo dmesg | grep renamed
```

Amri ya kwanza inaonyesha majina ya sasa, ya pili inaonyesha nani alibadilishwa kuwa nani, kwa mfano:

```
r8169 0000:04:00.0 enp4s0: renamed from eth0
```

Mfumo huu wa majina ulikuja na systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, toleo la 197, mwaka 2013. Kabla yake, kompyuta yenye kadi mbili ingeweza kuwaka leo eth0 ikiwa ya mtandao wa ndani na kesho ikiwa ya mtandao wa nje, kwa sababu draiva hupakiwa kwa pamoja na hakuna aliyehakikishiwa kutangulia. Kwa seva inayolinda mlango wa mtandao, hilo ni hatari. Ndiyo maana jina sasa hutokana na mahali kadi ilipo: `eno1` ni kadi ya kwenye ubao mama, `ens1` ni ya tundu namba 1, `enp4s0` ni ya njia ya PCI namba 4, kifaa namba 0, na `enx` ikifuatiwa na herufi 12 hutokana na anwani ya MAC (namba ya utambulisho iliyowekwa kwenye kadi kiwandani). Za Wi-Fi huanza na `wl`.

Kuna jambo huwachanganya hata wazoefu: `lspci` huandika namba za njia kwa mfumo wa msingi wa 16, lakini jina huandikwa kwa namba za kawaida. Kadi iliyoko `0a:00.0` itaitwa `enp10s0`.

Sasa, jina linalotokana na mahali hubadilika mahali pakibadilika namba. Niliwahi kuongeza diski ya NVMe kwenye seva iliyokuwa mbali nami. Diski ilijipatia namba ya njia, kadi ya mtandao ikasogea kutoka 3 hadi 4, `enp3s0` ikawa `enp4s0`, na seva ikawaka bila mtandao. Sikuigusa kadi hata kidogo. Kuongeza kadi ya michoro au kusasisha BIOS kunaweza kuleta matokeo hayohayo.

Kwenye mifumo ya zamani kisa huwa tofauti kidogo. Faili `/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules` hukumbuka anwani ya MAC ya kadi ya kwanza. Ukinakili diski kwenda mashine nyingine, kadi mpya huitwa eth1, kwa sababu eth0 imewekewa kadi ambayo haipo tena. Futa mistari ya zamani ndani yake, kisha uwashe upya.

Hatua ya 4: Ipe jina lako mwenyewe

Soma anwani ya MAC kutoka `ip link`, kisha andika faili `/etc/systemd/network/10-lan0.link`:

```
[Match]
MACAddress=aa:bb:cc:11:22:33
Type=ether

[Link]
Name=lan0
```

Usiache mstari wa `Type=ether`. Madaraja na VLAN (kadi za kufikirika zinazoundwa na programu juu ya kadi halisi) zinaweza kubeba MAC ileile ya kadi, na bila mstari huo zitagombania jina moja. Namba 10 nayo ina kazi: faili la kwanza linalolingana ndilo pekee hutumika, hivyo lako lazima litangulie `99-default.link`. Usichague jina eth0 au eth1, maana kerneli yenyewe huyagawa wakati wa kuwaka na mtagongana. Jina lisizidi herufi 15.

Jaribu kabla ya kuwasha upya:

```
sudo udevadm test-builtin net_setup_link /sys/class/net/enp4s0
```

Majibu yataje faili lako na jina `lan0`. Kisha jenga upya initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa mwanzo wa kuwaka, kwa `sudo update-initramfs -u`, au `sudo dracut -f` kwenye familia ya Fedora, kwa sababu jina linaweza kubadilishwa mapema, kabla diski kuu haijafunguliwa, na huko ndani kuna nakala ya zamani ya mipangilio.

Watu wengine huongeza `net.ifnames=0` kwenye GRUB ili warudishiwe eth0. Kwa mashine yenye kadi moja haina shida. Zikiwa mbili au zaidi, umejirudishia ugonjwa uleule wa kabla ya 2013.

Hatua ya 5: Wajulishe wanaoita jina la zamani

```
sudo grep -rn enp3s0 /etc
```

Weka jina la zamani la kadi yako mahali pa `enp3s0`, kisha badilisha kila linapotokea liwe `lan0`: netplan, `/etc/network/interfaces`, NetworkManager, na hasa kanuni za nftables au iptables. Ngome (firewall) inayolinda kadi isiyokuwepo hailindi chochote, na mara nyingi haitakuonya. Dalili nyingine ya jina lililosahaulika ni kompyuta kukaa dakika 2 wakati wa kuwaka ikisubiri mtandao: `systemd-networkd-wait-online` inangoja kadi ambayo haitatokea.

Kama seva iko mbali, hakikisha kuna njia ya kuifikia bila mtandao wake, iwe konsoli au mtu aliye mbele yake, kabla ya kuandika `sudo reboot`. Ikisharudi, `ip -br addr` ikuonyeshe `lan0` ikiwa `UP` na ina anwani yake. Kisha iwashe upya mara ya pili, ulinganishe tena.