Unafuga kulungu Marekani? Soma hii kabla hujauza dume kwa shamba la kuwindia

Naandikia hasa ndugu zetu walioko Ohio, Pennsylvania na Texas ambao wamepata eneo wakaanza kufuga kulungu wa mkia mweupe, maana naona wengi mnauliza bei tu, na bei ni jambo la mwisho kabisa. Kulungu wa huku siyo yule wetu wa porini nyumbani, huyu pembe zake zinadondoka kila mwaka majira ya baridi halafu zinaota upya, na hizo pembe ndo biashara yenyewe. Mwenye shamba la kuwindia lenye uzio hanunui nyama kwako, ananunua inchi. Pembe zinapimwa na matawi yake yote, inajumlishwa, mwindaji anayekuja kwake analipa kwa hiyo namba na wewe unalipwa kutokana na hapo.

Anza na makaratasi. Kuna ugonjwa unaitwa CWD, unaharibu ubongo, hauna dawa wala chanjo, ulionekana kwanza 1967 Colorado, 2002 ukaibuka Wisconsin, 2015 ukakutwa kwa mfugaji wa kulungu Medina County kule Texas. Ubaya wake mnyama anakaa nao hata miaka huku unamuona mzima kabisa, na kipimo kinachoaminika kinafanyika akishakufa, wanachukua shina la ubongo na tezi za koo. Sasa fikiria dume lako limewindwa kwa mteja, kichwa kimepimwa kikakutwa nao, maafisa wanafuata namba ya hereni ya sikioni mpaka getini kwako, unawekwa karantini, huuzi hata ndama mmoja, na kundi zima linaweza kuuawa. Ndo maana nasema muulize mteja maswali kabla yeye hajakuuliza: unanunua kwa nani wengine? unapima kila kichwa? rekodi za hereni unatunza? Akijibu kwa kubabaisha achana naye hata kama bei yake ni nzuri.

Ukitaka kuuza jimbo lingine, kundi lako lazima liwe limekaa miaka 5 kwenye mpango wa USDA, yaani wizara ya kilimo ya Marekani, wa kuthibitisha makundi bila ugonjwa, kila mnyama awe na alama mbili za utambulisho na cheti cha daktari wa mifugo. Halafu piga simu idara ya mifugo ya jimbo linalopokea, kuna majimbo hayapokei kabisa, na Montana wananchi walipiga kura 2000 wakapiga marufuku hii biashara ya kuwinda wanyama wa kufugwa. Kuvusha mpaka wa jimbo kinyemela ni kesi ya serikali kuu chini ya sheria inaitwa Lacey Act, usijaribu.

Mkataba uandikwe, hata kama mteja mmekuwa kama ndugu. Mimi mwaka wa kwanza tulikubaliana kwa mdomo, dume likavunja tawi la pembe kwenye trela, mteja akakata hela na sikuwa na pa kusemea, iliniuma sana. Andikeni nani anapima na lini, pembe ikivunjika njiani hasara ya nani, dume likifa siku chache baada ya kushushwa (linatokea sana, kulungu akishtuka misuli yake inaharibika anakufa) analipa nani, na advansi inarudishwa au hairudishwi.

Muda nao ni pesa. Pembe zinakomaa na kuvua ile ngozi ya manyoya inayozifunika zikiota, kama mwishoni mwa Agosti mpaka Septemba, kuanzia hapo madume yanaanza kupigana na Novemba yanakuwa yamechanganyikiwa kabisa, kila siku unayochelewa unaweza kupoteza inchi. Mteja anajua pia kwamba usipouza mpaka pembe zidondoke utalisha hilo dume mwaka mzima mwingine, kwahiyo anavuta siku ili akubane. Kubalianeni tangu Julai, ukiweza.

Siku ya kupeleka, kama umetumia dawa ya usingizi kumkamata, andika jina la dawa na tarehe kwenye karatasi ya makabidhiano, na tarehe ambayo daktari amesema nyama itakuwa salama. Huyo mwindaji ataenda kula na watoto wake.