Kufuatilia Asili ya Neno la Kiingereza

Kila kaunti zinapoilalamikia Hazina ya Taifa kwa kuchelewesha fedha, magazeti ya Nairobi hurudia neno "exchequer", yaani hazina ya serikali. Tulitumie kama mfano, maana lina mtego mwanzoni kabisa.

Chukua kamusi inayoonyesha neno lilianza kuandikwa lini, kama ile kubwa ya Oxford. Ya mfukoni haitoshi. Kisha rudi nyuma hatua moja moja, na kwa kila hatua andika mambo manne: umbo, lugha, karne na maana. Ukiruka hatua, utaunganisha maneno yasiyojuana.

Nyuma ya "exchequer" kuna "eschequier" ya Kifaransa cha Kale, yaani ubao wa sataranji. Kifaransa hicho kiliingia Uingereza kwa nguvu Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka mwaka 1066. Nyuma ya "eschequier" ni "scaccarium" ya Kilatini cha Enzi za Kati, na chini kabisa kuna "shah", mfalme kwa Kiajemi, neno lililopitia kwa Waarabu. Mchezo na kodi vilikutania wapi? Mezani. Katika karne ya 12 makarani wa mfalme wa Uingereza walihesabu mapato kwa kusogeza vipande vya kuhesabia juu ya kitambaa chenye miraba, kwenye meza ya futi 10 kwa 5. Maana ikigeuka ghafla namna hii, usiendelee mpaka upate tukio au kifaa kilichoigeuza.

Sasa mtego: hiyo "ex-" si ile ya Kilatini yenye maana ya "kutoka". Wafaransa walitanguliza e pale neno lilipoanza kwa sk, st au sp (anayesema kilabu na burashi asiwacheke), na waandishi wa Kiingereza baadaye wakadhani es- hiyo ni ex- iliyochakaa. Kwa hiyo tafuta tahajia za zamani kabla ya kuiamini ya leo. "Check" nayo imetoka kwa shah huyohuyo: kumtishia mfalme, kuzuia, halafu kukagua, hadi "nitakucheki" ya mtaani.

Kufanana si ushahidi. Katika maneno ya urithi, yaani yale ambayo lugha zote mbili zilirithi kutoka lugha mama moja, p ya Kilatini hulingana na f ya Kiingereza, kama piscis na fish, na c hulingana na h. Jacob Grimm, mwanaisimu wa Ujerumani, aliieleza kanuni hii mwaka 1822. Ndiyo maana "have" haina undugu na habere, ingawa zote ni "kuwa na". Jamaa yake ni capere, kushika.

Ukikuta nyota mbele ya umbo, ujue halijaonekana katika maandishi yoyote. Wataalamu wameliunda kwa kulinganisha lugha. Linakili pamoja na nyota yake.