Kuandaa maganda ya .308 kwa shabaha ya mbali: bega lirudi kiasi gani

Mwongozo huu ni wa kutumia tena maganda ya risasi ya .308 Winchester kwenye bunduki ya komeo (kipande kinachofunga chemba kwa mkono), kwa maganda yaliyopigwa katika chemba ya bunduki hiyohiyo. Ya kuokota kiwanjani yaache. Hujui yamepigwa mara ngapi wala kwa shinikizo gani. Vipimo ni vya inchi kwa kuwa dai (kifaa cha chuma kinacholibana ganda kulirudisha umbo) na vitabu vya kujazia vimeandikwa hivyo, na nikisema "elfu 2" ni inchi 0.002. Marekani, sheria ya shirikisho haimdai leseni anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Kwingine, uliza mamlaka ya silaha kabla hujanunua hata presi (mashine ya mkono inayosukuma ganda ndani ya dai).

1. Kagua na usafishe

Lenye ufa shingoni tupa. Chungulia ndani: tundu moja katikati ya kitako ni Boxer, endelea, matundu mawili madogo ni Berdan, na hayo yatakuvunjia pini ya kutolea fataki. Toa fataki zilizotumika (vikombe vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti), kisha safisha.

Mashine ya mtikisiko na magunzi ya mahindi yaliyosagwa inatosha. Maji na pini za chuma hung'arisha mpaka ndani, lakini huondoa masizi ya shingoni yanayosaidia kichwa cha risasi kuingia kwa ulaini, tena midomo hugongana ikapata kingo. Ganda linalong'aa halilengi vizuri zaidi. Vumbi la mashine lina madini ya risasi kutoka kwenye fataki, kwa hiyo ifungulie nje na unawe mikono kabla ya kula.

2. Lainisha shingo kwa moto

Brasi ya maganda, shaba 70% na zinki 30%, huzidi kuwa ngumu kila inapotanuka na kubanwa. Zungusha ganda kwenye moto wa propani kwa sekunde chache, moto ukilenga makutano ya shingo na bega (mteremko kati ya shingo na mwili wa ganda). Punguza taa ya chumba. Wekundu hafifu ukianza tu kuonekana, toa. Mwali ukigeuka rangi ya chungwa, umepitiliza. Kitako kisipate moto hata kidogo: kikilainika hakistahimili shinikizo, na ganda hilo ni la kupondwa. Kulitumbukiza majini si lazima, brasi haiwi ngumu kwa hilo.

3. Rudisha bega

Lengo ni bega kurudi nyuma elfu 1 hadi 2 kutoka lilipokuwa baada ya kupigwa. Lisiporudi, komeo hufungwa kwa nguvu na bunduki hutikisika mkononi. Likirudi mno, kila mlio huivuta brasi juu kidogo ya kitako, mpaka ganda likatike vipande viwili ndani ya chemba. Chunguza kwa waya uliopinda ncha: ukikwama kwenye mfereji karibu na kitako, tupa.

Karatasi ya dai husema ishushe iguse kishikio cha ganda, kisha ongeza robo mzunguko. Hiyo ni ya kuhakikisha risasi inaingia bunduki yoyote. Kwa shabaha ya mbali, usiifuate.

Funga kwenye kalipa (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi) kipimo cha bega chenye tundu la inchi 0.400. Pima maganda matano yaliyopigwa, fataki ikiwa imetoka, maana kifundo chake hudanganya kalipa. Shika kipimo cha lililo refu kuliko yote. Lililopigwa mara moja tu huenda halijajaza chemba.

Anza dai ikiwa juu, nusu mzunguko kutoka kwenye kishikio. Nyuzi zake ni 14 kwa inchi, hivyo mzunguko mzima ni elfu 71, na digrii 10 za duara ni kama elfu 2. Piga alama kwa kalamu.

Sasa mtego unaopoteza saa nzima: mara za mwanzo kipimo *huongezeka*. Dai inabana kwanza mwili wa ganda, na brasi, ikikosa pa kwenda, husukuma bega mbele. Wengi hapo hudhani dai ni mbovu. Endelea kushuka, digrii 10 kwa hatua, kila mara ukitumia ganda jingine. Linalobanwa mara tatunne hujifinya kidogokidogo na jibu lake si la kweli. Kipimo kitapanda, kitasimama, ndipo kitashuka.

Thibitisha kwa komeo lililotolewa pini ya kupigia fataki na springi ya kutupia ganda: mpini ushuke wenyewe, au kwa ukinzani mdogo mwishoni kabisa.

Kabla ya kubana, paka ganda nta ya Imperial ya kulainisha kwa vidole, mwilini tu. Ikiwa haba, ganda hunasa ndani ya dai. Ikifika begani, huacha bonde. Ukishusha mkono wa presi, shikilia sekunde tatu. Na maganda yakitofautiana elfu 3 au 4 kwa dai isiyoguswa, usiizungushe: tatizo ni nta au ugumu wa brasi, rudi hatua ya 2.

Kile kitufe cha kupanulia shingo kilicho ndani ya dai, king'oe. Kikipita kikavu huivuta shingo na kuipinda. Mandreli (kijiti cha chuma cha kupanulia shingo) ya inchi 0.306 hufanya kazi hiyo kwa unyoofu zaidi.

4. Urefu

Daima baada ya dai, kwani dai hurefusha. Likizidi 2.015 kata hadi 2.005, kisha kwangua kingo ndani na nje.

5. Tundu la fataki

Toa masizi. Maganda ya jeshi huwa na ukingo uliobanwa, uondoe kwanza. Fataki mpya ikae elfu 3 hadi 5 chini ya kitako. Ikiingia bila ukinzani wowote, tundu limepanuka na ganda limekwisha.