Kurusha mkuki: tazama goti la kushoto

Kila mwaka hapa Mufindi napata kijana mwenye mabega ya kupasulia kuni, anayeamini mkuki ni wake. Anarusha kwa nguvu zote za mkono, kisha binti mwembamba wa kidato cha pili anampita. Wengine hunikumbusha kwamba sisi ni watu wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, tuliowachapa Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Sawa, ila pale hakuna aliyepimwa kwa futi kamba.

Mkuki wa dukani ni ghali, na mianzi ya ulanzi imejaa. Kata mwanzi mkavu wa kama mita 2.2, upande mnene ukae mbele. Upime kwenye mizani ya duka: wanawake wakubwa hutumia gramu 600, wanaume 800. Kwa wanafunzi 600 zinatosha. Ncha iache butu. Asubuhi za Juni huku ni baridi kali, kwa hiyo wakimbize kwanza hadi jasho liwatoke.

Sasa hatua za mwisho, kwa anayetumia mkono wa kulia. Mguu wa kulia unatua, kiwiliwili kimelala nyuma kidogo, mkono umenyooka nyuma kwa usawa wa bega, kiganja kinatazama juu. Mara moja mguu wa kushoto unakita mbele, kisigino kwanza, goti limekazwa. Mbio zinakatika chini, lakini mwili wa juu bado unakwenda: nyonga inazunguka, kifua kinafuata, kisha bega, kiwiko, na kiganja mwisho kabisa. Kila kiungo kinapokea kasi ya kilichotangulia na kuiongeza. Goti likilegea, kasi yote inaishia hapo. Ndiyo maana mimi sitazami mkuki unakoangukia. Nasimama kando, nyuma ya mstari, natazama goti.

Kiwiko kipite juu, karibu na sikio. Kikishuka chini ya bega, maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko hayako mbali.

Usiwaambie warushe kwa nyuzi 45. Mkuki unabebwa na hewa. Nyuzi 30 hadi 36 zinatosha.

Julius Yego wa Kenya, aliyerusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015, alijifunza sana kwa video za YouTube. Fungua mrusho wake kwenye simu, usimamishe pale kisigino cha kushoto kinapogusa chini: mkono wake bado uko nyuma kabisa. Waonyeshe hapo, kisha warushe kwa hatua tatu tu, bila mbio, mpaka goti likubali. Na hakuna kwenda kuokota mpaka wote wamalize kurusha.