Kupima haidrojeni na oksijeni kwa mabomba ya sindano

Umeme ukipita majini huyagawa kuwa gesi mbili: haidrojeni upande wa hasi, oksijeni upande wa chanya. Lakini maji matupu hayapitishi umeme wa maana. Ukikoroga sukari humo hali ni ileile, maana molekuli zake hubaki nzima, hazina chaji. Chumvi ndiyo hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji, zinazobeba umeme, na ndiyo maana inaitwa elektroliti. Ila ya mezani usiiguse kwa kazi hii: upande wa chanya itatoa klorini, gesi ya sumu. Nunua chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi), uyeyushe vijiko viwili vya chakula katika nusu lita.

Toboa kitako cha kopo la plastiki matundu mawili, sentimita 4 kati yake. Pitisha vipande viwili vya penseli vilivyochongwa pande zote. Kwa ndani, kiini cheusi kibaki wazi sentimita 2. Ziba kwa gundi ya epoksi. Waya wa shaba usifike majini, kwani upande wa chanya utalika na maji yageuke buluu, oksijeni usiione.

Toa visukumio vya mabomba mawili ya ml 20, lainisha ncha kwa mshumaa, bana kwa koleo. Mimina maji ya chumvi koponi, jaza mabomba maji yaleyale, ziba mdomo kwa kidole gumba, pindua juu ya penseli. Maji yakishuka kabla ya kuwasha, ncha inavuja. Acha mwanya wa milimita 5 chini ya mdomo. Bomba likikalia kitako, ayoni zinakosa njia na mkondo unakufa. Bomba likipinduliwa hivi sifuri iko juu, kwa hiyo gesi unaisoma papo hapo.

Unganisha betri ya volti 9, na mita ya ampea katikati. Ukungu mweupe upande wa hasi ni haidroksidi ya magnesi tu. Endesha dakika 5, mwaga gesi hiyo, jaza upya ndipo uanze kupima: oksijeni ya mwanzo huyeyuka majini. Hata baada ya hapo itapungua kidogo chini ya nusu ya haidrojeni, kwa kuwa sehemu yake hula kaboni ya penseli.

Kujaribu haidrojeni, zima umeme, toa bomba mdomo ukiwa chini, sogeza kiberiti mbali na uso: "pop!" Gesi mbili usizichanganye kamwe.

Mkondo wa ampea 0.1 kwa dakika 20 ni kulombu 120 (kipimo cha chaji), yaani haidrojeni moli 0.00062 (kipimo cha wingi wa chembe). Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 utasoma karibu ml 16, pamoja na mvuke wa maji. Nairobi, kwenye nyuzi 20, ni karibu ml 19, ingawa kuna baridi zaidi: mgandamizo wa hewa huko juu ni mdogo, gesi inatanuka. Tofauti ya kimo cha maji ndani na nje ya bomba isikusumbue. Sentimita 10 ni asilimia 1 tu.